Land Rover ya zamani: uipake rangi ya kiwandani, rangi iliyofanyia kazi, au uiache ilivyo?

Nilipoamua kuifufua Land Rover ya marehemu baba mkwe, sikuanza na injini wala breki. Nilitoa mto wa kiti cha dereva, nikafungua kifuniko cha kisanduku kilicho chini yake, mahali ambapo jua halifiki, nikachukua msasa wa maji nambari 600 na kuanza kusugua polepole duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Ilitoka nyeupe kwanza. Chini yake ikaja buluu ya mbingu, kisha utepe mwembamba wa praima (rangi ya msingi ya kushikia) nyekundu, kisha rangi ya maziwa iliyokuwa nene kuliko zote, kisha kijani kizito kama jani la mwembe lililokomaa, kisha kijivu cha praima, na mwisho alumini yenyewe iking'aa. Nikaingia msasa wa 800, halafu 1200, mpaka matabaka yakatokea moja ndani ya jingine kama pete za gogo la mti.

Rangi nne kwenye gari moja. Ipi ndiyo ya asili?

Nimelinganisha hapa njia zote nilizozifikiria kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, pamoja na aina mbili za rangi ambazo fundi atakuuliza unataka ipi. Ninazungumzia Land Rover za Series II, IIA na III kwa sababu ndizo nilizozishika kwa mikono yangu, na ndizo bado ziko nyingi huku kwetu. Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen ya mgongo wa kobe atapata mengi ya kumfaa, ila akumbuke kwamba bodi ya gari lake ni chuma, na ya Land Rover sehemu kubwa ni alumini. Tofauti hiyo inabadilisha kazi yote ya rangi.

Kabla ya rangi, soma nambari ya chesisi

Nambari ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Utaikuta pia kwenye kibati kilichopigwa ribiti. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na zile zilizotoka kabla ya kuja mfumo wa nambari ndefu zinajieleza kwa tarakimu tatu za mwanzo. 912 ni 109, yaani ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli za mbele na nyuma, ya petroli yenye usukani kulia, iliyokamilika kule Solihull, Uingereza, kwa ajili ya kuuzwa nje. 913 ni gari hilohilo, lakini lilisafirishwa vipandevipande likaunganishwe huko liendako. Kwa 88, ile fupi, ya petroli jozi hiyo ni 902 na 903. Kwa Series IIA, za 1961 hadi 1971, ni 242 na 243 kwa 88, na 252 na 253 kwa 109.

Ukiona 3 mwishoni mwa tarakimu hizo, swali la rangi ya asili linageuka. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Land Rover mjini Thika, Leyland Kenya, kilichoanzishwa 1974 na ambacho baadaye kikawa Kenya Vehicle Manufacturers. Gari lililounganishwa pale lilipakwa rangi yake ya kwanza hapahapa, kwa mikono ya mafundi wa hapa. Kwa hiyo mtu anaposhika katalogi ya Uingereza na kukuambia "Solihull hawakuipaka hivi", huenda anasema kweli, na bado gari lako likawa sahihi.

Ushahidi nao unatofautiana. Mwenye 912 anaweza kuandika barua kwa British Motor Museum ya Gaydon, Uingereza, akapata cheti chenye tarehe gari lilipokamilika, rangi lililotoka nayo na wakala lililopelekwa. Mwenye 913 akiandika barua hiyohiyo mara nyingi atarudishiwa cheti kisicho na rangi, kwani gari liliondoka likiwa masandukuni. Shahidi wake ni ile duara chini ya kiti. Ya kwangu ni 913.

Kuiacha ilivyo

Njia hii ndiyo inayodharauliwa zaidi, nami naiweka mbele kwa makusudi. Ukishaondoa rangi ya kwanza huwezi kuirudisha. Utapata inayofanana nayo tu, hata ukimleta fundi hodari kuliko wote. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, lina hati iitwayo Mkataba wa Turin, na humo kuhifadhi kilichopo kunatangulizwa mbele ya kufanya upya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya watu wenye makumbusho. Kisha nikaona Series IIA moja kule Laikipia, kijani chake kimepauka mpaka juu ya boneti kimekuwa karibu kijivu, ukingo wa mlango umelika pale ambapo kiwiko cha dereva kilikaa miaka na miaka. Sikuona popote ambapo ningethubutu kugusa kwa msasa.

Kanuni yangu ni hii: rangi ya kwanza ikiwa bado imeshika zaidi ya nusu ya bodi, siipaki. Naiosha kwa maji na sabuni laini, nashughulikia kutu ya chuma peke yake, napaka nta, na ndani ya chesisi namimina nta ya kuzuia kutu. Gharama ya vifaa ni ndogo. Kinachogharimu ni uvumilivu, wako na wa fundi, kwa sababu fundi wa rangi amezoea kulipwa kwa kupaka, na ukimwambia asipake anadhani humwamini. Mlipe kwa siku, msikilizane hivyo tangu mwanzo.

Lakini usichanganye rangi iliyozeeka na rangi inayougua. Iliyopauka na kulika imezeeka, wala haidhuru. Iliyovimba malengelenge chini ya mlango inaugua: fremu ya mlango ni chuma, ngozi yake ni alumini, na maji ya chumvi yakiingia kati ya madini hayo mawili, alumini hugeuka unga mweupe. Hapa Mombasa ugonjwa huo hauchelewi. Sehemu kama hiyo lazima ifunguliwe, isafishwe na kutenganishwa upya, ama sivyo katika miaka michache utakuwa umehifadhi rangi isiyo na mlango.

Jambo jingine la Land Rover: ile hila ya kupitisha sumaku kwenye bodi ili kugundua puti, ile dawa ya kujazia mabonde, haikusaidii kitu, kwa kuwa sumaku haishiki alumini hata pale pasipo na puti. Hata kipimo cha unene wa rangi kinachotumia sumaku hakisomi hapo. Unahitaji kile kinachoweza kupima juu ya alumini. Usipokipata, gonga kwa kifundo cha kidole. Alumini tupu hulia, puti inaitika kwa sauti ya kuziba.

Njia hii haikunifaa. Rangi ya juu ya gari langu, ile nyeupe, haikuwa hata na miaka ishirini, na ilikuwa ikibambuka vipande vizima kama nyoka anayejivua gamba. Aliyeipaka aliipiga moja kwa moja juu ya buluu iliyolainishwa mno. Nyeupe hiyo mimi naiita rangi ya dalali: ilipakwa ili gari liuzwe, na halikuuzwa. Sikuwa na sababu ya kuitunza.

Kijani cha kwanza au maziwa ya zahanati

Hapa ndipo nilipokesha.

Kijani kile cha chini kabisa ni Bronze Green, rangi ambayo watu wengi wakifumba macho na kuiwaza Land Rover ndiyo wanayoiona. Ukiingia duka la rangi bila sampuli, njia ya karibu ni kuomba nambari 224 katika viwango vya Uingereza vya BS 381C, iitwayo Deep Bronze Green, kisha ulinganishe na kipande cha gari lako. Kijani kina uzito wa historia. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa ya kijani, na kwa miaka ya mwanzo mnunuzi hakuwa na rangi nyingine ya kuchagua. Kijivu na buluu zilikuja baadaye. Atakayetaka kuliuza gari kwa mnunuzi wa ng'ambo, au kulipeleka kwenye mashindano ya uzuri wa magari ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambayo yamekuwapo tangu 1970, hatapata shida kueleza kijani. Kinajieleza.

Rangi ya maziwa haijielezi. Kabla ya baba mkwe kuinunua, Land Rover hii ilikuwa ya zahanati ya misheni kwenye milima ya Taita. Walipoichukua ilikuwa ya kijani, wakaipaka rangi hiyo ya maziwa, na kwa unene wa tabaka lile waliipaka zaidi ya mara moja. Niliposugua mlango wa kushoto kwa msasa wa maji, chini ya buluu zilianza kuchomoza kingo za herufi: Z, A, H, na nusu ya A. Aliyepaka buluu hakuzifuta, alipita juu yake. Nikaacha kusugua, nikakaa chini.

Jumapili iliyofuata nilipanda Wundanyi kumwona mama mmoja mkunga mstaafu, ambaye shemeji yangu aliniambia aliwahi kufanya kazi pale. Nilimwonyesha picha ya mlango. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni gari ya maziwa. Watoto walikuwa wanaiita hivyo, gari ya maziwa. Ukiisikia inapanda usiku unajua kuna mzazi." Hakuijua kwa jina la Land Rover, sembuse Series III. Aliijua kwa rangi.

Sasa linganisha. Kijani kilidumu kwenye gari hili kwa muda usiofika hata miaka miwili, na hakuna mtu aliye hai ninayemfahamu aliyeliona likiwa la kijani. Maziwa yalidumu zaidi ya miaka kumi na mitano, na kijiji kizima kinaikumbuka. Kijani kina katalogi na nambari. Maziwa yana herufi nne mlangoni na kumbukumbu ya mkunga. Mshindi kwenye karatasi ni kijani, na mtu akiniambia kwamba asili ni ile rangi ya kwanza, na hadithi zote za baadaye ni za baadaye tu, sina hoja ya kumfunga mdomo. Ninachosema ni kwamba gari la kazi linapata sura yake kazini. Ndege ya Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, na mwanawe Michael, ile Dornier Do 27 waliyohesabia wanyama Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na milia ya punda milia. Angetokea mtu akaipaka rangi tupu isiyo na milia, angekuwa amepoteza ndege yenyewe tunayoijua.

Mke wangu alikuwa na lake. "Hiyo buluu ndiyo ninayoijua mimi," aliniambia. Baba yake aliinunua misheni ilipoiuza, akaipaka buluu ya mbingu, na yeye na ndugu zake walipelekwa shule nyuma ya buluu hiyo, juu ya mabenchi, wamejifunika leso kwa vumbi. Sikuwa nimeihesabu. Nilikuwa nimeipita nikitafuta kitu cha kale zaidi, na yeye ndiye aliyenisimamisha.

Basi, rangi ya kiwandani, rangi ya kazi au rangi ya familia? Kwa mwenye 912 aliye na cheti cha Gaydon mkononi, na gari ambalo halikupata kazi maalumu inayokumbukwa, namshauri arudi kiwandani bila kusita. Kwa mwenye gari lililokuwa la zahanati, shule, shamba la mkonge, hifadhi ya wanyama au mradi wa maji, na lina ushahidi chini ya rangi, namshauri arudi kazini. Ushahidi uwe chini ya rangi, narudia. Kubuni historia ya gari, kubandika alama za hifadhi ambayo halikupata kuikanyaga, ni kuwadanganya watakaolinunua baada yako.

Sisi tulichagua maziwa kwa nje. Ndani, kwenye kisanduku cha viti, sakafu ya mbele na kuta za nyuma, buluu ilikuwa imeshika vizuri chini ya nyeupe, basi tuliondoa nyeupe tu, buluu hatukuigusa. Ukifungua mlango unaiona yote.

Kuna mtego mmoja katika kurudisha rangi ya zahanati. Chini ya rangi ya boneti kulikuwa na alama hafifu ya msalaba mwekundu. Usiupake tena. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva na sheria za nchi, si pambo la gari la mtu binafsi hata kama gari liliwahi kuwa nayo. Niliacha mahali pake patupu. Herufi za mlangoni nilizirudisha kwa mkono wa mwandika mabango, kwa brashi, kama zilivyokuwa. Stika ingekuwa rahisi, lakini ingeonekana stika.

Rangi nyingine ya enzi ile, na rangi uipendayo

Ikiwa gari lako halina ushahidi wowote, limekwanguliwa mpaka kwenye alumini na aliyekutangulia, una uhuru wa aina yake. Chagua kwenye rangi ambazo Land Rover yenyewe iliziuza enzi hizo: Marine Blue, Mid Grey, Limestone, Sand, Pastel Green. Gari litakaa sawa barabarani, na hutakuwa umesema uongo. Nyekundu ya Poppy Red ilikuwapo pia, lakini fikiria mara mbili kama unaishi pwani na huna banda. Nyekundu hupauka haraka kuliko zote na huanza na boneti.

Rangi upendayo tu, nyeusi ya kung'aa, rangi yenye chembe za kumetameta, rangi ya udongo wa kisasa, ni haki yako. Sitakuficha kwamba haipendezi machoni mwangu. Mabati ya Land Rover yana mawimbi ya asili na mistari ya ribiti, na rangi za kumetameta zinayatangaza mawimbi hayo yote. Nyeusi juu ya alumini chini ya jua la Malindi itakuchoma mkono. Na kama ni kijani chenye mabaka ya kijeshi, ulizia polisi kwanza kabla hujanunua rangi.

NC au 2K

Fundi atakuuliza, "NC ama 2K?" Usimjibu kwa bei peke yake.

NC, ile rangi ya zamani ya selulosi, hukauka kwa thina kuruka hewani. Inakauka upesi, fundi anaweza kupiga koti kadhaa kwa siku moja, ikichafuka anasugua na kurudia. Unaweza kuirekebisha baada ya miaka kumi, kwa sababu rangi mpya huiyeyusha kidogo ya zamani na kushikana nayo. Mng'ao wake ni wa kina lakini wa upole, na ndio unaofanana na magari ya enzi ile. Ubaya wake ni kwamba inataka koti nyingi, inataka kusuguliwa kwa msasa wa 1500 au 2000 na kung'arishwa, inapauka na kutoa unga juani, na petroli ikimwagika pembeni ya mdomo wa tangi inaacha alama. Na huku pwani ina adui mkubwa: unyevu. Ukipiga NC asubuhi yenye mvuke au mvua imetoka kunyesha, inafunga ukungu mweupe juu yake. Mafundi wa Mombasa wanajua kungoja saa nne jua lishike.

2K huja makopo mawili, rangi na hadina (dawa ya kuigandisha), ukivichanganya vinashikana kikemia na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Inavumilia jua, petroli na chumvi kuliko NC, na koti mbili au tatu zinatosha. Lakini hadina yake ina aisosayaneti, sumu ambayo haina harufu ya kukuonya na ambayo inaweza kumpa fundi pumu ya maisha. Kitambaa cha pua hakizuii chochote. Hata barakoa ya vichujio haitoshi. Kinachotakiwa ni barakoa inayopelekewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Gereji nyingi za jua kali hazina kifaa hicho, na kijana anayeshika bunduki ya rangi huwa ndiye mdogo kuliko wote. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilikuwa hivyo. Niliondoka na gari langu, na sijutii siku tatu nilizopoteza kutafuta nyingine. Ukichagua 2K, gharama ya hewa safi ya fundi ni sehemu ya gharama ya rangi. Ikikushinda, chagua NC, nayo bado umpe barakoa nzuri ya vichujio.

Kwa sura, 2K ina hila yake. Ukipiga koti ya rangi kisha klia, ile vanishi angavu, juu, Land Rover inatoka kama sahani ya udongo iliyotoka kuoshwa, na mtu yeyote aliyekua nazo ataona papo hapo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Omba 2K ya koti moja isiyo na klia, na umwambie fundi asiitafutie kioo. Nilichagua hiyo, kwa ajili ya chumvi. Kama ningekuwa naishi Nanyuki au Eldoret, gari likilala ndani, ningepiga NC.

Aina zote mbili zitabambuka usipoandaa alumini. Usikubali ipigwe mchanga kwa nguvu, mabati yatapinda na kuvimba na hayatanyooka tena. Ondoa rangi kwa dawa ya kubambua na msasa, osha mafuta yote, kisha praima ya kwanza iwe ile ya asidi iliyotengenezwa kung'ata alumini, ndipo praima ya kujaza ifuate. Kati ya chuma na alumini weka utepe au gundi ya kuziba kabla ya kufunga boliti. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake, kwa hiyo sugua kwa maji, usisugue kavu, na watoto wasichezee pale.

Kuipata rangi ya maziwa yenyewe kulitaka safari tatu dukani. Nilichomoa kipande kidogo kutoka nyuma ya dashibodi, mahali ambapo maziwa yalikuwa hayajaona jua, mashine ikakisoma, ikatoa mchanganyiko. Ukawa njano mno. Rangi hafifu kama hii ina tone la nyeusi na tone la njano, na tone moja likizidi unapata krimu ya keki. Tulipaka kwenye vipande vya bati, nikavitoa nje asubuhi, adhuhuri na jioni, nikavilinganisha juani. Chini ya taa ya duka vyote vitatu vilikuwa sawa. Nje, kimoja tu.

Mambo ya pembeni yanayosahaulika

Vile vipande vya ukingo juu ya bodi ya nyuma na bampa ya mbele, kwenye nyingi ya Series II mpaka III, vilichovywa zinki na kuachwa hivyo, kijivu chenye madoa ya fuwele. Ukivipaka rangi umevifuta. Vikiisha zinki, virudishe kuchovywa upya.

Paa likiwa lile la tropiki, lenye bati mbili na nafasi ya hewa katikati, liwe la rangi nyeupe au Limestone, hata bodi ikiwa ya kijani. Kazi yake ni kurudisha joto la jua, na paa la kijani haliifanyi vizuri. Magurudumu ya Limestone hukaa vizuri na karibu rangi zote za enzi ile.

Rangi imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha, hata ukirudi kwenye ile ya kwanza, ijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Kwa ndugu zangu wa Tanzania kadi ya gari nayo ina rangi, na mahali pa kwenda ni TRA, mamlaka ya mapato. Fanya hivyo kabla hujasimamishwa barabarani na kuulizwa kwa nini Land Rover nyeupe imekuwa ya maziwa.

Mwisho, chukua kipande kimoja cha bati ulichojaribia rangi, andika nyuma yake kwa kalamu ya wino usiofutika: mchanganyiko, duka, tarehe, aina ya rangi na praima. Changu kimefungwa kwa boliti ndani ya kisanduku cha kiti, kando ya lile duara la matabaka, ambalo sikulifunika. Nimelipaka nta tu. Mkunga alipoletwa kuliona gari, mke wangu alimfungulia pale akamwonyesha, akaweka kidole kwenye pete ya buluu. Mama akaweka chake kwenye ile ya maziwa.